Nani Aliyeukausha Ruaha Mkuu? Somo la Sababu na Tokeo katika Bonde la Usangu



Mwaka jana, Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, sisi mafrateri wa falsafa tuliandaa igizo fupi kwa ajili ya vijana wa parokia moja jirani. Kisa kilikuwa chepesi. Kulikuwa na mto, ukiigizwa na frateri aliyejifunga shuka la buluu. Kulikuwa na wanyama wenye kiu. Kisha akaingia mfugaji na fimbo yake, akiswaga ng'ombe wasiohesabika, na mto ukaanguka ukafa. Watu walicheka sana, wakapiga makofi. Jioni, tulipokuwa tukiosha vyombo, mwenzetu mmoja ambaye ni mtoto wa wafugaji alisema kwa sauti ya chini, "Yule mzee mliyemcheka ni kama baba yangu." Familia yake iliishi Usangu mpaka alipokuwa darasa la kwanza. Hakuongeza neno. Mwenzetu mwingine, aliyekulia kwenye majaruba ya mpunga huko Mbarali, alikuwa akisuuza sahani pembeni yake. Naye alinyamaza, nasi baadaye tulikuja kuelewa kwa nini.

Muhula uliofuata tulisoma metafizikia, na mada ya kwanza ilikuwa sababu na tokeo. Padre anayetufundisha alitutaka tuchague swali moja la kweli, ambalo watu wanagombania sababu yake, tulichunguze kwa muhula mzima badala ya kukariri mifano ya vitabuni ya moto na kuni. Hatukuhitaji kutafuta mbali. Makala hii ni matunda ya kazi hiyo, na kwa kiasi fulani ni marekebisho ya igizo letu.

Mto wenyewe

Kabla ya kuuliza nani ameua, inafaa kumfahamu marehemu. Mto Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito mitatu mikubwa inayolisha Rufiji. Mingine ni Kilombero na Luwegu. Bonde lote la Rufiji lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Katika maji yanayofika baharini, Kilombero peke yake hutoa zaidi ya nusu. Ruaha Mkuu una eneo pana sana la kukusanya mvua, lakini mchango wake ni mdogo, maana sehemu kubwa ya safari yake inapita katika nchi kavu.

Msomaji aliyewahi kupanda basi kutoka Mbeya kwenda Makambako ameuona mwanzo wa mto huu, pengine bila kujua. Mkono wa kulia kuna milima ya Uporoto na Kipengere. Mkono wa kushoto, ukipita Igurusi na Chimala, nchi imelala tambarare mpaka macho yachoke. Hilo ndilo bonde la Usangu, lililo mita elfu moja na kidogo juu ya usawa wa bahari. Kule milimani mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Bondeni ni 600 au 700 tu, na zote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo Usangu hainyweshwi na mawingu yake yenyewe. Hunyweshwa na milima ya jirani.

Mito inayoshuka huko ni mingi: Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera, na Ruaha wenyewe. Ikitoka mlimani kwa kasi imebeba mchanga na tope; ikifika tambarare inapungua mwendo na kuutua mzigo wake. Kwa maelfu ya miaka mizigo hiyo imefanya ardhi yenye rutuba chini ya milima, ambayo ina umbo la upepeo uliofunguliwa. Hapo ndipo vijiji vingi vilipo, ndipo mifereji ilipo, na ndipo barabara kuu na reli ya TAZARA zilipopita. Mbele ya hapo kuna mbuga ya udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika. Na mbele kabisa, upande wa kaskazini na mashariki, kuna kinamasi cha Ihefu. (Wengi tulilifahamu jina hili kwa sababu ya timu ya mpira iliyokuwa Mbarali. Tunakiri kwamba hata sisi tulimjua mlinda mlango wake kabla ya kukijua kinamasi.)

Ihefu ni nchi ya matete na nyasi zinazoelea. Masika maji hutapakaa mbali, na samaki kama kambale na perege huingia katika mbuga zilizofurika kuzaliana. Kiangazi maji hujikusanya tena mahali pamoja, na ndege wa majini hufuata. Wanyama wa porini hufuata pia, na kwa miaka mingi ng'ombe nao wamefuata, kwa sababu ile ile: ni mahali penye majani mabichi wakati kwingine kote ni vumbi.

Kizingiti cha mawe

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo lilitushangaza kuliko yote, na tunamwomba msomaji alishike vizuri, maana hoja yote inasimama juu yake.

Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, unaoitwa Ng'iriama. Mlango huo una kizingiti cha mwamba. Fikiria karai lililojazwa maji, lenye pengo dogo kwenye ukingo. Maji yakiwa juu ya pengo, yanamwagika. Yakishuka chini ya pengo hata kwa unene wa kidole, hayamwagiki tena, ingawa karai bado lina maji mengi. Ndivyo ilivyo Ihefu. Mto Ruaha unaotiririka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi ni yale maji yanayomwagika juu ya kizingiti cha Ng'iriama. Kinamasi kinaweza kuwa kibichi, kimejaa viboko na ndege, na papo hapo mto chini yake ukawa mchanga mtupu.

Halafu kuna jua. Watafiti wanakadiria kwamba nguvu ya jua na upepo wa Usangu ingeweza kuvukiza maji yenye kina cha karibu milimita 1,900 kwa mwaka, yaani mara mbili na zaidi ya mvua inayonyesha bondeni. Kwa hiyo kinamasi kinakunywa kwanza. Hesabu iliyofanywa na wataalamu wa maji ilionyesha kwamba ili nusu tu ya mita moja ya ujazo kwa sekunde ipite Ng'iriama kiangazi, lazima takriban mita za ujazo 7 kwa sekunde ziingie katika kinamasi. Saba zinaingia, nusu inatoka. Nyingine zote huenda mawinguni, na katika safari hiyo hulisha matete, samaki na ndege, kwa hiyo hatuwezi kusema zimepotea.

Maana yake ni kwamba mto huu ulikuwa umesimama juu ya ukingo mwembamba sana tangu zamani. Ukipunguza kidogo kinachoingia, kinachotoka hakipungui kwa kiasi kile kile, bali hufika sifuri.

Tangu 1993

Wazee wa Usangu wanakumbuka mto ukipungua kiangazi, lakini ukitiririka. Mwishoni mwa mwaka 1993 ulisimama ndani ya Hifadhi, na tangu hapo umekuwa ukisimama karibu kila kiangazi, miaka mingine kwa zaidi ya miezi mitatu.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na ni mahali pa pekee kwa sababu nchi mbili za mimea zinakutana hapo. Miombo inayotoka kusini inapakana na migunga na vichaka vya ukame vinavyotoka kaskazini. Ndiyo maana unaweza kumkuta tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, na korongo na palahala pia. Lakini aina zote hizo, kiangazi, zinategemea mstari mmoja wa maji.

Mstari huo ukikatika, yanabaki madimbwi. Viboko hubanana humo, makumi kwa makumi katika dimbwi moja. Kiboko anakula nyasi nchi kavu usiku na kunya majini mchana. Mto unapotiririka kinyesi hicho ni chakula cha samaki, lakini dimbwi lililotuama hugeuka uji wa kijani, hewa ndani ya maji inakwisha, na samaki wanakufa. Kambale hudumu kuliko wengine kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu. Mamba huingia katika mashimo ya kingo wakasubiri. Tembo huchimba mchanga wa mto kwa miguu na mkonga mpaka wapate maji safi yaliyochujwa na mchanga, na wakishaondoka, wanyama wengine huja kunywa katika visima hivyo. Tunataja haya si kwa kumhurumisha msomaji, bali kwa sababu ndiyo picha ambazo wageni na waandishi wa habari waliziona. Na mtu akiona kiboko anakufa katika tope, hutafuta haraka wa kumlaumu.

Washtakiwa wanne

Waliotajwa walikuwa wanne: mvua, wakataji miti milimani, wafugaji na wakulima wa umwagiliaji. Hawakusimama kizimbani kwa usawa.

Katika falsafa tunafundishwa kutochanganya "baada ya" na "kwa sababu ya". Jogoo huwika, jua huchomoza, wala hakuna anayemchinja jogoo ili usiku uendelee. Wafugaji wa Kisukuma, na wengine kama Wamasai na Wabarbaig, waliongezeka Usangu kuanzia miaka ya 1970; mto ulisimama 1993. Wengi waliunganisha mambo hayo mawili. Lakini kwa kipimo hicho hicho, mashamba makubwa ya mpunga nayo yaliongezeka wakati huo huo. Shamba la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na lile la Kapunga lilikuwa likianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kalenda peke yake haiwezi kuamua kesi hii. Inabidi kupima.

Tulijaribu kupima kidogo wenyewe, kwa kalamu na karatasi. Ng'ombe mmoja hunywa karibu lita 40 kwa siku katika joto. Tuseme, kwa mfano tu, Usangu ina ng'ombe 300,000. Wote pamoja watakunywa lita milioni 12 kwa siku, yaani mita za ujazo 12,000. Sauti ya namba hizi ni kubwa. Lakini mfereji unaochukua mita moja ya ujazo kwa sekunde hupitisha mita za ujazo 86,400 kwa siku. Ng'ombe laki tatu hunywa sehemu ya saba ya mfereji mmoja wa namna hiyo. Tulipofika hapo darasani palikuwa kimya, na hatukumtazama yule mwenzetu usoni.

Tusiwe wepesi tena upande mwingine. Ng'ombe hawanywi tu. Wanakula nyasi na kukanyaga ardhi oevu, na wachungaji huchoma moto ili majani mapya yaote. Hayo ni madhara ya kweli kwa mimea na ndege wa Ihefu. Swali letu lakini lilikuwa maji ya mto kiangazi, na kwa swali hilo kwato si jibu.

Mvua nayo? Utafiti mkubwa uliofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 haukuona upungufu wa mvua unaoweza kueleza mto kusimama. Maji ya masika yaliendelea kufika. Ukataji miti? Kilimo cha vinyungu mabondeni na mikaratusi kwenye vyanzo vinastahili kuangaliwa, lakini mito ilipopimwa pale inapotoka milimani, juu ya mifereji, haikuonyesha kushuka kwa namna ile. Ilishuka chini ya mifereji. Maji yalikuwa yakifika mguuni mwa mlima, na hapo yakitoweka.

Banio la zege

Sasa ndipo tulipomwomba mwenzetu wa Mbarali azungumze.

Umwagiliaji wa Usangu una historia ndefu kuliko tulivyodhani. Wabaluchi waliohamia huko katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwa miongoni mwa walioanzisha mpunga wa mifereji, nao Wasangu na wahamiaji wengine wakajifunza. Siku hizi, katika mwaka mzuri, majaruba hufika takriban hekta 40,000. Mchele huo umesomesha watoto wengi, akiwemo frateri tuliyekuwa tukimsikiliza, na baadhi yetu tumeula bila kuuliza umetoka wapi.

Mwenzetu alitueleza banio la zamani lilivyokuwa. Wakulima walipanga mawe, miti na udongo ndani ya mto ili kugeuza sehemu ya maji iingie mfereji. Banio hilo lilivuja. Mafuriko yakija lilibebwa, na watu walikusanyika tena kulijenga. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na wataalamu wakaja na msaada: banio la zege lenye lango la chuma. Kila mtu alishangilia, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila banio la zege halivuji. Kiangazi, mto ukiwa umepungua, lango moja linaweza kuugeuza mto wote. Kule kuvuja tulikokuita upungufu wa ufundi ndiko kulikokuwa kukimfikishia maji aliye chini.

Halafu kuna vibali. Kibali cha maji huandikwa kwa lita kwa sekunde. Mto una lita nyingi Machi na chache Oktoba, lakini karatasi ina namba moja. Aliyelipia kibali anajiona, kwa haki kabisa, amenunua namba hiyo kwa mwaka mzima. Tena bei ya mchele hupanda kwa anayewahi kuvuna, kwa hiyo wakulima wengine hutayarisha vitalu mapema, wakati mto bado mwembamba.

Jambo la mwisho alilosema ndilo lililotugusa zaidi. Mifereji mingi huachwa wazi kiangazi si kwa ajili ya mpunga. Ni kwa ajili ya ndoo. Vijiji vingi vilikua kando ya mifereji, na mama anayechota maji ya kupikia hana bomba wala kisima. Ili ndoo zake chache zimfikie kijijini, lazima mfereji mzima utiririke kilomita kadhaa, na sehemu kubwa inazama ardhini au kukauka njiani. "Wakifunga lango," alisema, "mama yangu hana maji siku hiyo." Hapo tulielewa kwa nini alinyamaza ile jioni. Alijua kwamba mkono uliokuwa ukizuia mto ulikuwa karibu na nyumbani kwao, na alijua pia kwamba haukuwa mkono wa mwizi.

Hapa ndipo tulipopata faida ya Aristotle. Yeye anatufundisha kwamba swali "kwa nini?" lina majibu ya namna nne: kitu kimefanywa kwa maada gani, kina umbo gani, nani alikitenda, na kwa lengo lipi. Igizo letu lilikuwa na jibu moja tu, la mtendaji, tena tulilikosea. Tulisahau umbo: kizingiti cha Ng'iriama, ambacho hakuna binadamu aliyekiweka, lakini bila hicho mto usingekatika ghafla namna ile. Tulisahau lengo: ndoo ya mama, ada ya shule, bei ya mchele wa mapema. Na mtendaji mwenyewe si mmoja. Ni mamia ya malango, kila moja likichukua kidogo chenye sababu njema. Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema Mungu amewajalia viumbe heshima ya kuwa sababu za kweli za mambo. Sisi tungethubutu kuongeza kwamba heshima hiyo hutukuta hata pale tusipojua kwamba tunasababisha.

Gharama ya kukosea sababu

Kosa la mantiki darasani hupunguziwa alama. Usangu lililipiwa kwa namna nyingine.

Katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, na wengi walielekezwa mikoa ya kusini na Pwani. Mwaka 2008 mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ulipanuliwa kuingiza Ihefu, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, na Hifadhi ikafika kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Mwenzetu anakumbuka mwendo ule kwa macho ya mtoto: vumbi, lori, ndama waliokufa njiani, na baba yake aliyeacha kuimba. Alitueleza hayo mara moja tu, nasi hatukumwomba arudie.

Sasa tazama kama mwanafunzi wa mantiki. Mshtakiwa aliondolewa. Kama kweli ndiye aliyekuwa sababu, mto ungerudi. Mto haukurudi. Viangazi vilivyofuata uliendelea kusimama. Serikali ilikuwa imeahidi mwaka 2001 kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima, na 2010 ikapita mto ukiwa bado unakatika. Mtu anaweza kujibu kwamba mifugo mingine ilirudi kwa siri, na ni kweli hoja hiyo inapaswa kupimwa. Lakini mtu huyo lazima pia aeleze kwa nini majaruba yaliendelea kupanuka muda wote huo.

Kuna na habari ya umeme. Ruaha Mkuu ukitoka Hifadhini hupokea maji ya Ruaha Mdogo na Kisigo, kisha huingia bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980, na baadaye hushuka Kidatu ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1975. Mgao wa umeme wa miaka ya 1990 ulitajwa sana kama kosa la watu wa Usangu. Wataalamu walipochambua waliona kwamba Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na vijito vya kiangazi, na kwamba namna maji yalivyofunguliwa bwawani ilichangia sana upungufu ule. Yaani maji ya Oktoba yanayokosekana Hifadhini ni tatizo zito kwa kiboko na kambale, lakini si hayo yaliyozima taa mjini. Hata hivyo taa zilisaidia kuipa kesi uzito. Kiboko peke yake hana sauti ya kutosha.

Tulipenda kupata mahali ambapo watu walijaribu njia nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao kutoka nje, walitengeneza ubao mrefu wa mbao ulioinamishwa, wenye mfereji katikati, ukiwa ndio mto, na matundu pembeni, yakiwa ndiyo mashamba. Maji ni gololi. Wanakijiji wa juu na wa chini waliitwa kucheza. Kila mmoja huweka vijiti vyake kama banio, gololi zinaachiwa kutoka juu, na kila mtu anaona kwa macho nani amejaza shimo lake na nani amebaki mikono mitupu. Kisha wanabadilishana nafasi: wa juu anakaa chini. Wanacheza tena, na safari hii wanatakiwa kupatana kwanza. Baba Mtakatifu Fransisko aliandika mwaka 2015, katika Laudato Si', kwamba hatuna matatizo mawili, moja la mazingira na jingine la jamii, bali tatizo moja lenye sura zote mbili. Tulidhani tumelielewa fungu hilo mpaka tulipotengeneza ubao wetu wenyewe katika karakana ya seminari, kwa mbao za kitanda kilichovunjika.

Mtoto wa mfugaji aliomba shimo la mwisho kabisa, lile la Hifadhi. Mtoto wa mkulima alikaa juu. Mchezo wa kwanza, gololi zilizofika chini zilikuwa mbili.

Kwa jumuiya zitakazopenda kuitumia makala hii

Ubao huo unaweza kutengenezwa na fundi yeyote kwa nusu siku, na gololi za watoto zinatosha. Mkicheza, tunashauri msianze na mahubiri. Wachezeni watu mara mbili kwanza, kisha muulizane. Aliyekaa juu alijua kwamba anachukua nyingi? Gololi zilizobaki katika mfereji bila kuingia shimo lolote ni za nani? Kama kijiji cha juu kingechimbiwa kisima, malango mangapi yangeweza kufungwa kiangazi? Swali hili la mwisho sheria ya maji ya mwaka 2009 inaligusa, maana inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira yenyewe, ndipo mengine yafuate.

Na kabla hamjatoka, kila mmoja ataje maji aliyotumia asubuhi yametoka mto gani, na yamepita mlangoni kwa nani kabla ya kufika kwake. Katika darasa letu la watu ishirini na mmoja, walioweza kujibu walikuwa wanne, na wawili kati yao ni wale tuliokwisha wataja.